Shuka Juu ya Dastikoti

Picha yenyewe niliichora kwa boksi la maua, lile refu la kadibodi ambalo waridi hupakiwa ndani kupelekwa uwanja wa ndege. Maboksi hayo yakiraruka kona hutupwa, na watu wa mtaa wetu wa Karagita huyaokota kuziba upepo ukutani au kuwashia jiko. Mimi nilikuwa nayakata, nayapaka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, yakikauka nayapaka rangi nyeupe ya ukuta mara mbili, ndipo nachora. Ukipaka upande mmoja tu boksi linajikunja kama chapati, kwa hivyo lazima upake mbele na nyuma. Hilo hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuharibu mengi.

Ilikuwa picha ya dada yangu mkubwa. Amesimama kwa meza ya gredi, pale waridi hupangwa kwa urefu, ameshika maua kifuani lakini hayaangalii. Anakuangalia wewe, kama mtu ameitwa na bado hajajua ni nani amemwita. Amevaa dastikoti ya kijani, koti la kazi, kifungo cha tatu kimetoka na badala yake ameweka pini. Kitambaa cha buluu kichwani, gambuti nyeusi miguuni. Wakati huo alikuwa amekufa zaidi ya mwaka mmoja.

Uso ule ndio uso pekee wa dada uliokuwa umebaki. Kitambulisho chake tulikirudisha ofisini tulipoenda kuandikisha kifo, ndivyo sheria ilivyo. Picha ya mazishi ilikuzwa kutoka kwa kitambulisho hicho hicho, nami nikaitundika kwa chumba changu. Mvua ikaingia kwa tundu la msumari kwenye mabati, karatasi ikashikana na kioo, na nilipojaribu kuitoa uso ulibaki kwa kioo vipande vipande. Picha za simu hatukuwa nazo. Dada akiona simu imeinuliwa alikuwa anageuka na kusema, "Piga hiyo sufuria, hiyo ndiyo imependeza." Kwa bahati nilikuwa nimeshamchora kabla ya mvua, nikitazama ile ya ukutani kwa uso na kutumia kichwa changu kwa mengine. Sikumchora ili auzwe. Hilo nilikuwa nikilisema kwa uhakika kabisa. Siku hizi nalisema kwa sauti ya chini.

Sikusoma sana. Nilimaliza darasa la nane na nikakaa muhula mmoja sekondari. Nimezoea kuandika maneno machache na makubwa, KINYOZI, MAZIWA FRESHI, USIKOJOE HAPA. Haya marefu nayaandika kwa daftari na kuyafuta, na sijui kama yaliyobaki ndiyo yalifaa kubaki.

Kwetu ni upande wa Longonot, kwa kashamba ka mama ambapo mahindi hufika magotini halafu yanakata tamaa. Dada alitangulia kuja Karagita kwa mashamba ya maua, na alipopata chumba akanichukua. Nilikuwa na miaka saba. Yeye ndiye alinipeleka shule, na shule ilipokatika nilidhani nitaingia naye shambani. Nilimfuata asubuhi moja hadi getini, akanirudisha mbele ya watu. Jioni akaja na brashi tatu na mkebe wa rangi nyekundu uliofika nusu.

"Mikono yako inachora," akaniambia. "Hii yangu ishachorwa." Akanionyesha mikwaruzo ya miiba.

Sitasema maua ndiyo yalimuua. Karagita watu wakisikia mtu amefanya gredi miaka mingi halafu akafa kwa kifua, wanamaliza hadithi wenyewe. Daktari hakusema hivyo. Na shamba lilitoa gari siku ya mazishi, wenzake wakapewa ruhusa. Naandika yote mawili.

Kwa miaka kadhaa brashi zilinilisha. Nilichora vichwa vya watu walionyolewa kwa kuta za vinyozi, sahani za ugali na samaki kwa hoteli, ng'ombe kwa duka la dawa za mifugo. Niliandika misalaba ya makaburi pia, ile myeupe ya mbao, jina katikati, SUNRISE na tarehe ya kuzaliwa, SUNSET na tarehe ya kufa. Wa dada niliuandika mimi. Halafu mashine ya kuchapa mabango ikafika Naivasha mjini. Unatuma maneno kwa simu, unakunywa chai, bango liko tayari, na lina picha ya kuku aliyekaangwa hadi unasikia harufu. Sikuweza kushindana na kuku huyo. Na kusema haki, herufi zao zimenyooka kuliko zangu. Herufi ya S imenisumbua tangu shule, huwa inalala nyuma kama mtu anasinzia. Mteja akienda kwa mashine simlaumu. Ningekuwa na duka, sijui kama ningejiita mwenyewe.

Mwisho hata misalaba ikaanza kuja na stika. Ikafika mwezi mzima ambao brashi zangu zililowa mara moja tu.

Kwa mlango unaotazamana na wangu kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga anakaa mama mmoja aliyefanya gredi na dada, meza moja, miaka saba. Ananiita kadogo, ingawa nimempita urefu. Alhamisi moja akasimama mlangoni kwangu na beseni la nguo.

"Kadogo, Jumatatu wanaandika watu kwa geti. Kuna oda ya Februari, maua ya Valentine. Beba kitambulisho, na uvae kama mtu anataka kazi, si hilo suruali lako la madoa."

"Dada alinikataza kwenda huko."

"Dada alikukataza ukiwa na dada."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameniletea sukuma wiki mara mbili wiki hiyo na hakutaja. Lakini nilifunga mlango nikakaa kwa kitanda, na nakumbuka nilikuwa naangalia mikono yangu mbele na nyuma kama ya mtu mwingine.

Kwa barabara ya ziwani, karibu na loji moja, kuna duka la vitu vya wageni, vikapu, vinyago vya twiga, shanga, picha. Mwenyewe ni mama mnene wa sauti nyepesi. Nilikuwa nimempelekea michoro ya wanyama mara moja na akaniambia nirudi nikijua kuchora. Ijumaa asubuhi nikarudi. Nilibeba tembo wawili na simba mmoja, rangi bado mbichi kidogo, na chini yao niliweka picha ya dada ili iwe ubao wa kuzishikilia zisipindike.

Hivyo ndivyo nilijiambia. Lakini nyumbani kulikuwa na ubao wa kawaida, umeegemea ukuta karibu na mlango, na niliupita. Nimejiuliza sana kwa nini. Nafikiri nilitaka mtu mmoja aione. Nafikiri nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayejua peke yake kwamba naweza.

Mwenye duka akamwinua tembo wa kwanza.

"Fundi, hii ni tembo ama ni ng'ombe amevimba?"

"Ni tembo, madam."

"Umewahi kuona tembo?"

"Kwa kalenda."

"Basi kalenda ilikuwa mgonjwa." Akamweka kando, akamwinua wa pili, akamweka kando. Simba hakumwinua. Halafu akafika kwa ile ya chini.

Alisogea kushoto. Akasogea kulia, mpaka kwa rafu ya vikapu.

"Huyu ananiangalia," akasema.

"Ndio."

"Nimekuja huku bado ananiangalia. Ni nani?"

"Mtu wa maua."

Akavuta stuli akakaa. Akaniambia nikae pia, akanimiminia chai kutoka kwa thamosi yake, na sikuwa nimekunywa kitu siku hiyo. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

"Nikwambie kitu, fundi. Hii ni nzuri. Hizo zingine ni takataka, lakini hii ni nzuri. Sasa mgeni ametoka kwao, amelala kwa ndege, amekuja kuona Afrika. Wewe unamwonyesha mfanyakazi wa waridi. Hayo waridi ndiyo alimnunulia bibi yake huko kwao. Ataona vibaya, na mtu akiona vibaya hafungui mfuko. Mvalishe shuka."

"Shuka?"

"Shuka nyekundu. Shanga shingoni, shanga masikioni. Nyuma weka mlima, weka jua. Uso usiguse. Ukigusa uso hata usije. Niletee Jumapili, kuna wageni wanaingia. Ikienda hiyo nitakupa kazi ingine, na ingine. Isipovaa shuka, rudi nayo ukaweke nyumbani."

Njiani nilijaribu kuipanga hesabu hiyo kichwani na kila mara ilitoka vilevile. Dada hakutaka niingie shambani. Ili nisiingie, nimuuze dada. Nilitafuta njia ya tatu. Ningeweza kuchora mtu mwingine, Mmaasai wa kutoka kwa kalenda, lakini nilishajua mchoro wa kalenda unavyotoka mkononi mwangu, unatoka kama ng'ombe amevimba. Kitu alichokiona mwenye duka kilikuwa kwa ile moja tu. Na Jumatatu ilikuwa imebaki siku tatu.

Jumamosi niliamka mapema kwa sababu upepo wa Karagita huanza saa nne, na ukianza unaleta vumbi linaloshika rangi mbichi kama sukari. Dada nilikuwa nimemchora na rangi ya maji. Nyekundu niliyokuwa nayo ilikuwa ya mafuta, iliyobaki kwa geti la mtu. Nataka ieleweke kwamba nilijua nafanya nini. Rangi ya mafuta ikishakaa juu ya ile ya maji, huwezi kuitoa. Ukiweka tina ya kuyeyushia rangi inabeba zote mbili mpaka kadibodi. Nilisimama na brashi nikajua hivyo, nikachovya.

Nilianza na gambuti. Zilipopotea nikalazimika kuchora miguu mitupu, na kwa kuwa miguu ya dada sikuikumbuka, nikavua viatu nikachora yangu. Meza ya gredi nikaigeuza jiwe. Maua nikayafanya kibuyu. Nyuma nikaweka mlima, na mlima ukatoka Longonot bila kufikiri kwa sababu ndio nilikua nikiuona. Halafu dastikoti, kutoka chini kwenda juu, kifungo kwa kifungo. Pini niliiacha mwisho. Nilikuwa nimeichora kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, ina hata kale kajicho kake, na ilinichukua asubuhi nzima siku hizo. Kuifunika ilichukua tone moja.

Shanga nilinakili kwa kalenda. Kulikuwa na mwanamke pale mwenye mapambo ya shaba yananing'inia masikioni, yamesokotwa kama konokono, mawili. Niliyapenda umbo. Nikamwekea dada.

Jirani akaja kurudisha kisu. Akaangalia muda mrefu.

"Kadogo," akasema, "umemuoza Narok kwa Wamaasai na mahari hatujaona."

Tulicheka wote wawili. Kicheko chake kikakatika kabla ya changu, akaweka kisu kwa meza akatoka.

Mwenye duka alikuwa amesema wageni wanapenda ing'are, kwa hivyo Jumapili asubuhi nilipaka vanishi yote, na uso pia. Nilipoufikia uso nilipita haraka. Mtu atauliza kwa nini sikuchora ingine kwanza, nikabaki nayo. Nimejiuliza zaidi yake. Muda ulikuwa mdogo, hiyo ni kweli. Simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, picha zake ni kama umepiga kupitia chai, hiyo pia ni kweli. Lakini sababu yenyewe ni kwamba nilidhani uso ule uko mkononi mwangu. Nilidhani nikitaka nitauchora tena, hata mara mia, kwa sababu niliuchora mara moja na ukaja.

Dukani kuna mlinzi, mzee wa Kimaasai anayekaa kwa kiti cha plastiki karibu na mlango na rungu magotini. Nilipofika na picha alinyoosha mkono kwa heshima, kama anaomba kuona mtoto, nikampa.

"Huyu mama ni wa wapi?"

"Ni picha tu, soja."

"Hapana, nauliza kwa sababu amevaa hii." Akagusa sikio lake. "Hii ya shaba kwetu si urembo tu. Hii anavaa mama ambaye mtoto wake ametahiriwa. Ni kusema, mimi nimelea mpaka nikafikisha. Sasa huyu ni msichana, naona kwa uso hajazaa. Mtoto wake ako wapi?"

"Soja, wewe ni wa geti," mwenye duka akasema kutoka ndani. "Wageni hawasomi shanga."

"Mimi nasoma."

"Wewe hununui."

"Hiyo ni kweli," mzee akasema, akanirudishia picha.

Dada hakuzaa. Alikuwa akiulizwa kanisani anasema yuko na mmoja tayari, mkubwa, anakula kama wawili, na watu wananiangalia. Nilitaka kumwambia mzee mtoto ndiye mimi, nimesimama hapa, nimekuja kumuuza. Nikageukia ndani ya duka. Nilimwambia mwenye duka nimekosea, nirudi nayo nikaondoe ile shaba.

"Ukiondoka nayo leo, wageni wataondoka kesho," akasema. "Sikulazimishi. Ni yako."

Hakunilazimisha. Nimeirudia siku hiyo mara nyingi nikitafuta mahali ambapo alinilazimisha, na hapapo. Niliiweka kwa rafu, kati ya twiga wawili, mimi mwenyewe, na nikainyoosha ikae vizuri.

Jumatatu sikwenda getini. Jirani alipita mlangoni kwangu asubuhi na gambuti kwa mkono, akagonga mara moja na hakugonga tena.

Jumatano mwenye duka akapiga simu. Imeenda. Mume na mke, wazee, wameipenda sana, mama alisema yule mwanamke anamwangalia kama anamjua.

"Wako hapo lojini?"

"Walienda asubuhi. Sasa nisikilize, nataka sita. Shuka ileile, mlima uleule, na uso uleule, fundi. Usinibadilishie uso. Uso ndio umeuza."

Nilishukuru. Nilisema asante mara tatu, nakumbuka, na nilikuwa nimefurahi kweli. Furaha ilikaa mpaka kesho yake saa moja asubuhi, boksi jeupe likiwa mbele yangu.

Nilichora macho. Yalikuwa macho, lakini ya mtu yeyote. Nikayafuta kwa kitambaa, nikarudia. Kidevu nilijua kilikuwa na pembe kidogo, nilipokiweka ikawa mwanaume. Nikajiambia ni haraka. Nikajiambia ni boksi, halikukauka. Siku ya pili nilikuwa na nyuso nne, na zilikuwa zinafanana zenyewe kwa zenyewe kama ndugu wa mtu nisiyemjua. Nilienda dukani kuomba picha ambayo mwenye duka alipiga kwa simu, kwa sababu nilimwona akipiga ya kuweka kwa wotsapu yake. Alinionyesha bila shida. Alikuwa amepiga na taa. Taa iligonga vanishi, na mahali pa uso pana mwanga mweupe, wa mviringo, na shaba mbili pembeni.

"Shuka imetoka vizuri lakini," akasema.

Nikarudi nikamwita jirani. Niliziegemeza zote nne ukutani, nje, kwenye mwanga.

"Ni yupi?" nikamuuliza.

"Yupi nani?"

"Dada."

Alipita moja baada ya ingine akiwa ameshika kiuno.

"Hapa hayuko."

"Niambie kilichokosa. Ulikuwa naye kila siku. Pua?"

"Pua iko sawa. Ama ni pana. Hapana, mdomo ndio mbaya. Alikuwa na mwanya, umesahau?"

"Mwanya ulikuwa juu ama chini?"

"Juu."

"Mimi nadhani chini."

"Wewe ndiye mchoraji na ndiye damu, unaniuliza mimi?" Alikuwa amepaza sauti. Halafu akakaa kwa ngazi ya mlango wangu na kujaribu, nilimwona anajaribu, alifunga macho na vidole vyake vikaanza kwenda kama vinapanga maua. Akafungua macho. "Kadogo, nilikaa na yeye meza moja miaka saba. Lakini tulikuwa tunaangalia maua."

Hakukuwa na mtu mwingine wa kuuliza isipokuwa mama, na mama macho yake hayaoni vizuri tena. Nilimpigia hata hivyo. Aliniambia dada alikuwa na uso mzuri, wa adabu. Nikamwambia ndio.

Mwenye duka akapiga kuuliza zitafika lini. Hapo ndipo nilienda kwa kinyozi wa kona nikaomba kipande cha kioo kilichovunjika, nikakiegemeza kwa mkebe wa rangi, nikakaa mbele yake. Watu walikuwa wanasema tunafanana. Nilidhani nitamkopa dada kutoka kwangu, nipunguze hapa, niongeze pale. Lakini brashi inachora inachoona. Niliangalia kioo kama ninavyoangalia kazi, bila kujihurumia, na kwa siku tano nikajivalisha shuka mara sita, na shanga, na Longonot nyuma. Zile za shaba sikuweka.

Nilizipeleka nikiwa na hofu atazikataa. Mwenye duka alizipanga sakafuni akatembea kushoto na kulia.

"Huyu si yule."

"Si yule."

"Amezeeka kidogo. Na amekasirika." Akatembea tena. "Lakini macho bado yananifuata. Sawa. Wageni wengine wanapenda mtu mkali." Alizichukua zote sita. Alinilipa hapo hapo, na akaniambia nilete zingine kumi na mbili kabla ya Pasaka. Nilipotoka mlinzi aliinua rungu kidogo kunisalimia, akaangalia moja ya zile sita iliyokuwa karibu na mlango, akaniangalia mimi, akarudisha macho barabarani.

Kwa hivyo mimi ni mchoraji. Siingii getini asubuhi, mikono yangu haina miiba, unga uko. Nikikutana na mtu wa shule ya zamani akiniuliza nafanya nini nasema nachora, na si uongo. Dada angepata alichotaka kwa ajili yangu, kama angekuwepo kukiona. Nimejaribu kukaa na hilo na linakaa upande mmoja tu, upande wa pili linajikunja.

Wiki jana, kabla sijaanza zile kumi na mbili, nilichukua boksi moja nikasema hili ni langu. Sikuanza na uso. Nilianza na dastikoti. Ikaja yote. Mkunjo wa kiwiko, doa la dawa mfukoni, ukosi ulioisha upande wa kushoto kwa sababu ndio alikuwa anafutia jasho, uzi wa kifungo kilichotoka, pini na kajicho kake. Kitambaa cha buluu na fundo lake nyuma ya sikio. Gambuti. Maua kifuani na namna anavyoyabeba, kiganja kikiwa chini ya majani. Kila kitu nilichofunika na rangi nyekundu kiko kwangu, hata nikiwa nimefumba macho. Kati ya kitambaa na ukosi nikaacha nyeupe. Nilikaa mbele ya pale peupe mpaka upepo ukaanza, na nikiweka alama moja najua si yake, naifuta kabla haijakauka.

Jirani alikuwa anapita na jerikani ya maji. Akasimama mlangoni, akaiweka chini.

"Aa, si ndiye huyu," akasema. "Wacha, ni yeye kabisa. Ona anavyosimama. Ona hiyo pini, mimi ndiye nilimpa." Aliingia bila kuvua viatu, akainama, akaangalia karibu sana, na nilimwona machozi. "Umempata, kadogo. Sasa maliza uso."

"Nitamaliza," nikamwambia.

"Lini?"

"Rangi ikikauka."

Akaridhika. Akabeba jerikani yake akaenda, na nikamsikia anamwambia mtu kwenye ploti aje Jumapili aone. Niliigeuza picha ikaangalia ukuta. Halafu nikakata boksi lingine, nikalipaka mbele na nyuma, nikavuta kioo.